Siku Niliyokuwa Sauti ya Kanisa

Kanisa letu lilipokuwa la mabati, halikuwa na neno juu ya vita vya nchi za mbali. Tulikuwa watu wachache tuliokutana kando ya Barabara ya Ngong, na mambo tuliyoiambia serikali yalikuwa mawili tu: kwamba watoto wetu wasifanyishwe mitihani siku ya Sabato, na kwamba tupewe hati ya kiwanja. Ulimwengu tuliuacha upite. Tulifundishwa kwamba unapita, na mtu hashiki mkia wa kitu kinachopita.

Kisha tukaongezeka. Watu walikuja kutoka Jamhuri na Kawangware, wengine walihamia Woodley wakiwa na magari, na mabati yakaondolewa, ukuta wa mawe ukapanda. Vikanunuliwa vipaza sauti. Ikaundwa kamati ya mawasiliano. Hapo ndipo matamko yalipoanza. Karatasi zilitoka katika ofisi za juu za kanisa, zikatafsiriwa, zikasomwa mimbarani baada ya matangazo ya harusi: Sabato moja tamko juu ya bunduki, nyingine juu ya wakimbizi, nyingine juu ya joto la dunia na miti inayokatwa. Mimi niliketi safu ya pili upande wa akina mama, nikisikiliza kwa bidii, kama inavyompasa mtu asiyejua kusoma, na kila mara nilibaki na swali lile lile. Tunamwambia nani? Wenye bunduki hawakuwamo humu ndani. Humu ndani kulikuwa na walimu, makarani na wauza mboga.

Nilimwuliza mzee wa kanisa, mtu mpole aliyestaafu kazi ya reli.

"Dada, tunauambia ulimwengu," akasema.

"Ulimwengu umeketi safu gani?"

Akacheka hadi akatoa kitambaa cha kujifutia macho. "Ndiyo maana tunatafuta redio," akasema.

Sikuwa nimefanya mzaha. Sikuelewa, na katika maisha yangu, jambo nisiloelewa huliuliza mara moja, kisha hunyamaza na kulitazama.

Sikusoma shule hata siku moja. Kilichonifaa ni kumbukumbu. Katika Shule ya Sabato kila juma lina fungu lake la kukariri, na kwa miaka mingi hapakuwa na mwanamke pale aliyelisema fungu lake bila kukwama kama mimi. Miaka hiyo ninayoisimulia, msomaji wangu alikuwa mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu wa Kinoo. Alikuja kila Ijumaa kabla jua halijazama, akanisomea somo mara tatu, na mara ya nne nilimsomea mimi, kwa kichwa. Ndiye anayeandika haya. Nimemwonya asiongeze kitu.

Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Alifanya kazi katika yadi ya mbao ya Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba, karibu na Woodley, na msimu wa maonyesho ya kilimo alijenga vibanda katika uwanja wa Jamhuri. Mimbari ya kanisa letu ni kazi ya mikono yake. Aliitengeneza kwa mti wa mvule, bila msumari hata mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu. Alikufa kwa kifua, akikohoa miezi minane. Kanisa zima lilisema ni vumbi la mbao lililomwua, na mhubiri wa mazishi akalisema juu ya jeneza, kwamba ndugu yetu alitolewa sadaka na kazi yake. Nami sikumsahihisha.

Mwaka ule sheria ya tumbaku ilipokuwa ikizungumzwa kila mahali, likatoka tamko la kanisa juu ya sigara. Katibu wa kamati ya mawasiliano, msichana aliyefanya kazi kwa mawakili mjini, alinijia nyumbani na karatasi mkononi. Alisema wamepata redio. Alisema pia kwamba kamati haikutaka sauti ya kijana msomi, kwa kuwa vijana wasomi wanajaa redioni.

"Mama, sauti yako ina uzito. Ukisema kitu, mtu anaketi."

"Sisomi."

"Hutasoma. Utakariri. Ni sentensi nne."

Nilizikariri kwa jioni mbili. Ninazo hadi leo. Ya kwanza ilisema kwamba mwili ni hekalu. Ya pili iliwataka watunga sheria wasiogope wafanyabiashara. Ya tatu ilizungumzia moshi unaomdhuru asiyevuta. Ya nne ilisema kwamba kanisa liko tayari kushirikiana na watu wote wenye nia njema. Zilikuwa sentensi nzuri, zilizopigwa randa, na sikuona kosa ndani yake.

Tulikwenda mjini siku ya Jumatano. Redio ilikuwa katika jengo refu nyuma ya soko kuu la jiji, ghorofa ya tisa, na ilibidi tupande lifti, jambo nisilolipenda. Tulipokelewa na mtangazaji kijana aliyevaa kofia ndani ya nyumba.

"Sasa mama, uko fiti?"

"Niko mzima, namshukuru Mungu. Vua kofia."

Akaivua. Akaniketisha mbele ya kipaza sauti kilichovalishwa sifongo, nami nikazisema sentensi zangu nne bila kukwama. Katibu alikuwa ameketi pembeni, akiitikia kwa kichwa kila sentensi kama anayehesabu magunia. Nilipomaliza nilishika mkoba wangu niondoke.

Ndipo yule kijana akasema, "Hiyo ni ya kanisa. Imeingia sawa. Sasa wewe mwenyewe, mama. Haya mambo ya sigara umeyajulia wapi?"

Hilo halikuwamo katika karatasi.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi, na bado sijui lilinifanyia nini. Mume wangu alikuwa kaburini miaka kumi na zaidi. Katika miaka hiyo yote watu waliniambia alivyokufa. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Sasa naulizwa na mtoto wa watu, kofia mkononi. Amri ya tisa inakataza ushahidi wa uongo, na mimi sijawahi kuulizwa jambo waziwazi nikalijibu kwa kulizunguka.

Nikamwambia. Nilisema kwamba mume wangu alivuta sigara tangu ujana hadi kitanda kilipomlaza, na kwamba hakuna aliyejua ila mimi niliyefua makoti yake. Nilisema kwamba alizificha ndani ya kopo la gundi, akatafuna karafuu, akanawa vidole kwa mafuta ya taa. Na nilisema jambo la mwisho, ambalo hata mimi na yeye hatukuwahi kulizungumza. Alikuwa mshika Sabato wa kweli. Kuanzia jua kuzama Ijumaa hadi jua kuzama Jumamosi hakuivuta hata moja, na kwa hiyo siku ya Sabato mikono yake ilitetemeka. Alipoinua mikono kuombea watu, ilitetemeka kama majani, na watu wakanong'onezana kwamba mzee ameguswa na Roho. Mimi nilikaa safu ya pili na kujua ni kiu ya sigara.

Katibu alikuwa ameacha kuitikia.

Ndani ya lifti akaniambia, akitazama mlango, "Usijali mama. Hiyo ya mwisho wataikata. Wao wanataka tamko."

Nilimwamini, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa mambo hayo.

Ijumaa habari ikaja kwamba kipindi kitatoka kesho yake, saa nane mchana. Mzee wa kanisa alihuzunika. Sisi redio ya ulimwengu hatuifungui ndani ya Sabato. Yangu hufunikwa kitambaa Ijumaa jioni, na hakuna anayeigusa hadi jua la kesho yake lizame. Saa nane hiyo sote tungekuwa kanisani, katika kipindi cha vijana. Lakini mzee akajifariji. "Ulimwengu hauna Sabato," akasema. "Acha usikie. Sisi tunajua tulichosema."

Basi kanisa likanena na ulimwengu wote, na washiriki wake walikuwa wameketi chini ya dari moja, hakuna aliyesikia neno.

Jumapili asubuhi nilikwenda katika yadi ya mbao, kama nilivyofanya kila juma, kuchukua gunia la vumbi la mbao la kutandikia kuku wangu. Yule Kalasinga mwenye yadi alikuwa mzee kama mimi, ndevu nyeupe, ameketi kwenye kiti kile kile alichokikalia tangu mume wangu alipokuwa hai. Alinyanyuka. Hakuwa amewahi kuninyanyukia.

"Mama, nilikusikia kwa redio jana."

"Tamko lilitoka vizuri?"

"Tamko gani?"

"La kanisa. Sentensi nne."

"Hakuna kitu kama hiyo, mama. Nilisikia habari ya fundi wangu." Akanitazama kwa huruma, nami sipendi kutazamwa kwa huruma. "Mimi nilikuwa najua. Kwetu pia sigara ni mwiko. Siku moja nilimpata nyuma ya stoo, nikamwambia, fundi, wewe mtu wa Mungu, mimi mtu wa Mungu, sasa hii moshi ni ya nani?"

"Akasema nini?"

"Akasema ni ya gundi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Sikumfukuza. Fundi kama yule unafukuza aje?"

Nilibeba gunia langu nikaenda. Njiani nilijaribu kupanga mambo. Walikuwa wamekata, ndiyo, lakini walikata sentensi nne wakamwacha mume wangu. Kalasinga alikuwa amejua. Nani mwingine alijua? Kwa miaka yote niliyodhani ninabeba siri peke yangu, huenda nilibeba mfuko uliotoboka, na watu nyuma yangu wakiokota.

Alasiri binti yangu akaja kutoka Kinoo. Alikuja kumchukua mtoto, ambaye kwa kawaida alirudi mwenyewe. Hakuketi.

Yeye naye hakufungua redio siku ile. Alikuwa amebaki nyumbani kwa homa, na jirani yake akafungulia yake kwa sauti kubwa, na kupitia ukutani akasikia mtu akisema kama mama yake. Alidhani ni homa.

"Mama, ulisema mikono ya baba ilikuwa inatetemeka sababu ya sigara."

"Nilisema."

"Mbele ya Kenya nzima."

"Niliulizwa, nikajibu. Amri ya tisa inasema…"

"Amri ya tisa haisemi uende nayo kwa redio!" Alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake. "Siku ya ubatizo wangu baba aliniwekea mikono kichwani. Nilikuwa na miaka kumi na minne, maji yananitiririka, na nikasikia mikono yake inatetemeka. Nimeishi na hiyo, mama. Nikikosa karo, nikizika mtoto, nilikuwa najiambia, kuna mtu aliwahi kuniombea mpaka akatetemeka. Sasa unaniambia alikuwa anataka sigara?"

Mimi, ambaye watu husema nina jibu la kila jambo, nilimwuliza kama atakunywa chai.

"Na ile amri ya tano?" akasema. "Nimheshimu baba yupi sasa? Wa mimbarani au wa kopo la gundi?"

Akamshika mtoto mkono wakaenda. Ijumaa iliyofuata mtoto hakuja.

Sabato ile mzee wa kanisa alisimama mbele, kwenye mimbari ya mvule, akatangaza kwamba sauti yetu imesikika nchini, na kwamba dada yetu mpendwa alilisema tamko la tumbaku kwa ujasiri. Watu wakasema amina. Akina mama wakanishika mikono mlangoni. "Sabato njema, mama! Umetuwakilisha!" Katibu alikuwa kando, akipanga vitabu vya nyimbo vilivyokwisha kupangwa. Hakuniangalia.

Niwaambie ukweli, sikujua la kufanya. Majirani walinijua kama mwanamke aliyeanika siri ya marehemu. Kanisa lilinijua kama mwanamke wa sentensi nne. Binti yangu alinijua kama mwizi. Kila mmoja alikuwa amesikia mtu tofauti, na wote waliitwa mimi. Na lililonisumbua zaidi halikuwa hilo. Lilikuwa Ijumaa jioni, kitabu cha somo juu ya meza, na hakuna wa kukisoma. Ningeweza kumwomba jirani. Sikuomba. Nilikifungua nikatazama mistari ile kama mtu anavyotazama siafu, nikakifunga. Sabato saba nilikwenda bila fungu. Mwalimu wa darasa aliponielekea nilitikisa kichwa, naye akadhani ninawapa wengine nafasi.

Juma lililotangulia Meza ya Bwana, nikamwendea mzee wa kanisa nyumbani kwake Jamhuri. Kwetu Meza haiji peke yake. Kwanza tunatawadhana miguu, wanaume chumba chao, wanawake chumba chao, wawili wawili, na aliye na neno na mwenzake analitengeneza kabla ya kugusa beseni. Mimi ni shemasi. Ndimi ninayepasha maji na kukunja taulo. Sikuweza kupasha maji yale nikiwa na uongo wa zile amina shingoni.

Nilimweleza yote. Alisikiliza, mikono juu ya magoti.

"Dada," akasema mwishowe, "tulichotamka ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Hayo mengine ni ya nyumbani kwako."

"Karatasi haikusikika, mzee. Kilichosikika ni cha nyumbani kwangu."

Hilo lilimshinda. Alitazama dirishani. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayeuliza bei. "Alivuta kweli?"

"Siku sita."

"Na ya saba?"

"Kamwe."

Akavuta pumzi ndefu. "Basi alinizidi," akasema. "Mimi ya saba naiwaza reli." Sikujua kama nicheke. Aliomba, nikaitikia, nikaenda nyumbani nikiwa sijapewa adhabu wala ruhusa. Sijui kama aliwahi kuwaambia wengine. Hakuna tangazo lililotolewa.

Siku ya kutawadhana nilifika mapema. Nilipasha maji, nikapanga mabeseni katika chumba cha akina mama, nikaweka taulo mbili mbili. Wanawake walipoingia wakatafutana, nikabaki nimesimama na birika, kama shemasi anavyobaki, kwa kuwa mwenzi wangu wa miaka mingi alikuwa amehamia kwa mwanawe Nakuru.

Binti yangu akaingia. Yeye alisali kanisa la kwao Kinoo. Hakuwa na sababu ya kuwa kwetu Woodley asubuhi ile. Mtoto alikuwa nyuma yake. Hakusalimu. Alikwenda kwenye beseni la pembeni, akavua viatu, akaketi.

Nikapiga magoti. Magoti yangu hayapendi saruji. Nilimshika mguu nikauweka majini, na nilipoanza kuuosha, mikono yangu ikatetemeka, maji yakaruka yakalowesha sketi yake.

"Mama, mikono yako."

"Ni uzee."

"Una hakika?"

"Nina hakika gani? Ndiyo, ni uzee." Kisha nikasema polepole, "Labda na woga."

Wanawake wengine walikuwa wameanza wimbo. Akainama hadi nikasikia pumzi yake kwenye kitambaa changu cha kichwa.

"Na ya baba? Una hakika ilikuwa sigara peke yake?"

Nilifungua kinywa. Miaka arobaini ya ndoa, makoti yote niliyofua, harufu ya karafuu, safu ya pili. Nilikuwa na ushahidi wa kutosha kujaza mahakama. Lakini niliona pia, jinsi ninavyokuona wewe unayeandika, siku ile ya ubatizo, uso wa mume wangu alipokuwa amemwekea mtoto wetu mikono. Nilikuwa nimetazama mikono. Uso sikuwa nimeuhesabu kamwe.

"Sina," nikasema.

"Kwa redio ulikuwa nayo."

"Kwa redio sikuulizwa mara ya pili."

Nikamfuta mguu wa kwanza, nikamfuta wa pili. Tukabadilishana nafasi, naye akapiga magoti akaniosha, kwa haraka na kwa ukamilifu, kama anavyofanya kazi zote. Alipomaliza hakunikumbatia kama ilivyo desturi. Alikunja taulo, akaitia kikapuni, akasema, "Mtoto atakuja Ijumaa."

Sikujua kama huo ulikuwa msamaha au ratiba, na sikuuliza. Alikuja Ijumaa ile, kabla jua halijazama. Nilikuwa nimekwisha kuifunika redio. Akafungua kitabu, akaniuliza aanzie wapi, nikamwambia aanzie pale aliponiachia, Sabato nane zilizopita, asiruke hata moja.